Shajara ya mradi: Merikebu Sultana, kutoka Unguja hadi New York, 1840

Januari, wiki ya kwanza

Tumekubaliana. Maonyesho yatazunguka skuli kwa skuli: mabango ya turubai yanayokunjika, ramani moja kubwa ya kutundika ukutani, na kasha la mbao lenye bidhaa ambazo mwanafunzi atazishika, atazinusa na kuzipima uzito mkononi. Tutaanzia skuli za sekondari za Mjini na Ng'ambo, kisha mashamba, na Mungu akijaalia mabango yavuke hadi Bagamoyo.

Mada yetu ni merikebu Sultana. Iliundwa Bombay mwaka 1833 kwa ajili ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja. Mwanzoni mwa 1840 aliituma New York ikiwa na shehena ya kuuza, zawadi za Rais wa Marekani, na mjumbe wake, Ahmad bin Naaman. Ilitia nanga huko tarehe 30 Aprili 1840, ikakaa zaidi ya miezi mitatu, ikafanyiwa matengenezo, ikapakia bidhaa za kurudi nazo, na Desemba ya mwaka ule ule ilikuwa imesharejea Unguja.

Darasani wanafunzi wanaukariri mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said kwa ajili ya mtihani: mwaka, pande mbili, basi. Nataka wauone urafiki wa nchi hizi mbili kama kazi iliyofanywa na watu. Wapo waliookoana baharini, wapo waliopima pembe kwa farasila na kuandika hesabu usiku kwa taa ya mafuta, na wapo waliobebeshwa mizigo bila kuulizwa kama wanataka. Hilo ndilo litakaloamua kipi kiingie kwenye mabango na kipi kiachwe.

Januari, katikati ya mwezi

Mwenzetu anayesanifu mabango ameleta rasimu ya kwanza. Bango la mwanzo kaliweka farasi wawili wa Kiarabu na uzi wa lulu, kwa hoja kwamba mwanafunzi atavutwa na picha. Hoja yake ina uzito, na farasi watakuwepo. Lakini farasi wamekuja mwishoni mwa habari hii, na tukianza nao mtoto ataondoka akidhani urafiki wa mataifa huanza kwa kupeana vitu vya thamani. Nimesimama kidete, na kikao kimeniunga mkono: bango la kwanza ni la Edmund Roberts na malalamiko yake.

Roberts alikuwa mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire. Mwishoni mwa miaka ya 1820 alifika Unguja na shehena, akaona jinsi biashara ilivyombana mgeni asiye na mkataba, na alipopata nafasi ya kuonana na Sayyid Said alimweleza shida zake waziwazi. Sayyid alimsikiliza. Mtawala huyu alikuwa anapanua mashamba ya karafuu, alihitaji wanunuzi wapya, alihitaji silaha, na alihitaji rafiki wa mbali ambaye hangekuja kesho kumtawala. Waingereza walikuwa wamemzunguka kutoka Bombay. Wamarekani walitaka kununua na kuuza tu. Kwa hiyo maslahi yalikuwepo tangu siku ya kwanza, na sioni sababu ya kuyaficha. Pande mbili zilijua zinachokitaka, zikaambiana.

Roberts aliporudi kwao alimwandikia rafiki yake Levi Woodbury, ambaye mwaka 1831 alikuja kuwa waziri wa jeshi la majini katika serikali ya Andrew Jackson. Ndiyo bahati yenyewe. Mwaka 1832 Roberts alitumwa Mashariki kwa manowari Peacock akiwa wakala maalumu wa Marekani. Machi 1833 alitia saini mkataba na Siam (Thailand ya leo), na tarehe 21 Septemba 1833 akatia saini mkataba wa urafiki na biashara na Sayyid Said mjini Maskati.

Januari, mwishoni

Siku nzima nimeshinda na masharti ya mkataba. Nayaeleza kwa maneno ya kawaida ili yaingie kwenye bango bila kumchosha msomaji.

Sharti ambalo wafanyabiashara walilishangilia ni la ushuru: Mmarekani atalipa asilimia 5 kwa bidhaa anazoteremsha, na hatatozwa zaidi. Atauza na kununua na yeyote, katika bandari yoyote ya Sayyid. Bunduki na baruti zina sharti lake: Unguja anayeruhusiwa kuzinunua ni serikali peke yake. Sayyid hakutaka silaha zizagae mlangoni mwake.

Sharti linalonigusa mimi ni la ajali za baharini. Merikebu ya Kimarekani ikivunjika katika mwambao wa Sayyid, waliookoka watatunzwa na kukirimiwa kwa gharama zake mpaka wapate chombo cha kuwarudisha kwao. Sababu imewekwa ndani ya mkataba wenyewe: Sayyid hapokei malipo ya aina yoyote kwa kumsaidia aliyefikwa na shida. Mtu aliyelelewa pwani hahitaji kufafanuliwa hilo. Mgeni aliyetupwa ufukweni na mawimbi hapelekewi hesabu ya chakula alichokula.

Na haukupita muda mrefu kabla ya sharti hilo kujaribiwa. Septemba 1835 Peacock ilikuwa njiani kurudi Maskati, na Roberts ndani yake akiwa na mkataba ulioidhinishwa na Seneti. Karibu na kisiwa cha Masirah, pwani ya Oman, ikapanda mwamba. Mabaharia wakatupa mizinga baharini kupunguza uzito. Roberts na watu wachache wakashuka kwenye mashua ndogo, wakaelekea Maskati kuomba msaada, safari ya siku kadhaa kwenye bahari wazi juani. Sayyid hakungoja. Chombo alichokitoa kupeleka maji na chakula kilikuwa Sultana yenyewe. Peacock ilifanikiwa kujinasua na kufika bandarini, na tarehe 30 Septemba nakala za mkataba zikabadilishwa.

Kwa hiyo Wamarekani waliwahi kuijua Sultana kama chombo cha uokozi miaka mitano kabla haijaonekana New York. Nimeomba sentensi hii ichapwe kwa herufi kubwa kuliko zote katika bango la pili.

Roberts hakuishi kuyaona matunda. Alifariki Macau mwaka 1836.

Februari

Ramani inachorwa juu ya kitambaa cha marekani. Hili lilikuwa wazo la mwalimu wa jiografia, na ni zuri mno. Kitambaa kile kigumu cha pamba, kisichopaushwa, rangi ya maziwa yaliyochujuka, ndicho kilichokuwa kikishuka kwa marobota katika forodha ya Unguja kutoka viwanda vya Massachusetts, kikafika bara na kutumika kama fedha: msafara ulipoingia Unyamwezi, hongo, yaani ushuru wa njia, ililipwa kwa mikono ya kitambaa hiki. Duka tulilonunua linakiuza leo kwa ajili ya mifuko na bitana. Rangi inatuama vizuri ikiwa kimepakwa kwanza uji wa wanga na kukaushwa kivulini.

Ili njia ichorwe sawasawa nilikwenda Malindi, mtaa wa hapa mjini, kumwona nahodha mmoja mstaafu, mzee aliyepeleka majahazi Lamu na Mtwara enzi za tanga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako. Nasikia unatafuta njia ya Amerika."

Nikamweleza: imeshuka kutoka Maskati kuja Unguja, imeondoka hapa Februari, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika kabla sijamaliza.

"Wamekuja na kaskazi, wakaondoka nayo hiyo hiyo. Mwezi wa pili kaskazi bado ipo, inakushusha kusini, na mkondo kule Msumbiji nao unakuvuta chini. Ukichelewa mpaka kusi ianze kugeuka, utapigwa na upepo wa pua mpaka ujute. Na wamerudi mwezi gani?"

"Desemba, babu."

"Hapo wamefanya kazi. Kaskazi imeshaanza, na wewe unatoka kusini. Nahodha wake hakuwa mtoto."

Nilimwambia nahodha wa safari ya kurudi alikuwa Mmarekani wa Philadelphia, Sandwith Drinker, na kwamba aliandika shajara ya safari hiyo. Mzee akanyamaza kidogo, akauliza kama shajara hiyo inataja pepo. Nikamwahidi kwamba ramani itaonyesha kaskazi na kusi kwa mishale ya rangi mbili, na kwamba yeye ndiye atakayeikagua. Mishale hiyo inamwonyesha mwanafunzi kwamba diplomasia ya karne ya 19 ilitii kalenda ya pepo. Barua ya Sayyid kwa Rais ilisubiri kaskazi kama magunia ya tende yalivyoisubiri.

Mfereji wa Suez haukuwepo. Ulifunguliwa 1869, mwaka ambao Ahmad bin Naaman alifariki. Njia ilikuwa moja tu, ya kuizunguka Afrika.

Machi

Kasha. Fundi seremala ametengeneza la mninga, lenye vyumba ndani na mfuniko unaofunguka kama meza. Orodha ya shehena ndiyo inayotuongoza, maana hesabu yake imehifadhiwa. Kutoka Maskati: magunia 1,300 ya tende, marobota 100 ya buni ya Mocha, marobota 21 ya mazulia ya sufu ya Kiajemi. Iliyopakiwa Unguja: pembe za ndovu 108, makasha 81 ya sandarusi, magunia 135 ya karafuu, na ngozi kavu 1,000.

Tende, buni na karafuu ni rahisi. Ngozi tumepata kipande machinjioni, kimetiwa chumvi na kuanikwa kama zamani. Pembe ya ndovu hatutaweka, wala ya kuiga. Chumba chake kwenye kasha kitabaki kitupu, na juu yake maandishi yataeleza pembe zile zilikokwenda: vitana, vipini, na vibao vya piano vilivyokatwa Connecticut.

Sandarusi imenipa furaha kubwa. Bi mmoja Darajani huuza udi, ubani na dawa za kufukiza, na katika kopo la chini kabisa alikuwa na mawe machache ya sandarusi yaliyotoka Mrima, pwani ya bara inayoikabili Unguja. Kwa nje huwezi kuyatamani: yana ganda la mchanga mwekundu, machafu, mepesi kuliko unavyotarajia. Hiyo ni utomvu wa miti iliyokufa zamani sana, ukafukiwa, ukagandamana ardhini mpaka ukawa mgumu. Watu wa Mrima waliichimba kwa majembe baada ya mvua, ardhi ikiwa laini.

Tumefanya kile kilichokuwa kikifanywa Salem, Massachusetts, ambako kulikuwa na kiwanda maalumu cha kuisafisha. Tuliloweka mawe kwenye maji ya magadi usiku kucha, asubuhi wanafunzi wakasugua kwa brashi ngumu. Ganda likatoka tope. Chini yake likaonekana jiwe la rangi ya asali, na uso wake wote umejaa vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Vipele hivyo ndivyo mnunuzi alivyokuwa akivitafuta. Vilimthibitishia kwamba hii ni sandarusi iliyokomaa ardhini na si utomvu mbichi wa mtini. Mwanafunzi mmoja aliinua jiwe dhidi ya dirisha, akaona mdudu mdogo amenaswa ndani, mbawa zake zimekunjuka. Darasa zima likapanga foleni. Jiwe hilo litawekwa katikati ya kasha, chini ya kioo.

Ikayeyushwa, sandarusi ilitoa vanishi bora ya samani na magari ya farasi. Meza nyingi za nyumba za Boston na New York ziling'arishwa kwa kitu kilichochimbwa na Wazaramo. Nimeandika hivyo hivyo kwenye kadi.

Machi, mwishoni

Leo ni hesabu za bandari. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 merikebu 41 za kigeni ziliingia Unguja, na 32 kati ya hizo zilikuwa za Marekani, nyingi kutoka Salem. Salem ni mji mdogo. Wanafunzi wanastaajabu kwamba mji wa kiasi hicho ulikuwa na uzito kuliko London katika bandari yetu, na mimi nataka wastaajabu.

Richard Waters wa Salem alifika Unguja Machi 1837 akiwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Mwingereza wa kwanza kushika wadhifa kama huo hapa, Atkins Hamerton, alikuja 1841. Waters alikuwa balozi na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, na nguvu zake zilitokana na maelewano yake na Jairam Shivji, Banyani aliyekodi forodha ya Unguja kwa Sayyid. Jairam aliamua nani apakuliwe kwanza na nani asubiri wapagazi. Kwenye bango la tatu wawili hawa wamewekwa bega kwa bega, kwa ukubwa ule ule, maana bila mtu wa forodha mkataba ungebaki kabatini.

Aprili

Bango la New York, na mtu wake.

Ahmad bin Naaman alizaliwa Basra, akawa katibu wa Sayyid Said na mtu wake wa kuaminiwa. Ipo picha yake ya rangi iliyochorwa New York mwaka ule na Edward Mooney: mtu mzima mwenye kilemba na ndevu, macho yametulia, anakutazama kana kwamba anasubiri umalize kusema ndipo ajibu. Nakala yake itajaza nusu ya bango. Nimekataa kuikata ibaki uso peke yake. Mavazi yake ni sehemu ya ujumbe aliopeleka.

Rasimu ya wanafunzi ilimwita mjumbe wa kwanza wa Kiarabu kufika Marekani. Sentensi hiyo huonekana mahali pengi, na haifai kuchapwa. Mwaka 1805 alifika Washington Sidi Soliman Mellimelli, mjumbe kutoka Tunis. Tumeifuta. Safari ya Sultana ina ukubwa wake bila kuongezewa cha mwingine.

New York ya 1840 ilikuwa na watu kama 312,000. Merikebu ilipoingia ikiwa na mabaharia 56 wenye vilemba na kanzu, watu walimiminika gatini kuitazama, na magazeti yakaandika kila kitu walichokiona na mengine waliyoyadhania. Baraza la mji liliwapokea wageni kwa heshima, wakazungushwa mjini, wakapandishwa treni. Mizigo ilishughulikiwa na nyumba ya biashara ya Barclay & Livingston. Ahmad aliuza, akanunua, akaweka hesabu yake kwa Kiarabu senti kwa senti.

Sultana yenyewe ilikuwa imechoka. Safari ndefu ilikuwa imeila kamba, matanga na mbao. Serikali ya Marekani iliichukua kwenye karakana ya jeshi la majini Brooklyn, ikaitengeneza kuanzia juu hadi chini, na gharama ikabeba yenyewe. Hapa ndipo bango la pili na la nne yanaposhikana mikono. Chombo kilichopeleka maji kwa mabaharia wa Peacock kule Masirah sasa kilikuwa mikononi mwa wenzao wa jeshi lile lile, wakikipigilia misumari. Hakuna hotuba ya balozi yeyote ninayoithamini kuliko kazi ile ya maseremala wa Brooklyn.

Aprili, mwishoni

Sasa ni zamu ya farasi, na nimewapa nafasi yao kwa ukamilifu.

Zawadi zilikuwa farasi dume wawili, lulu, upanga uliopambwa kwa dhahabu, zulia la Kiajemi, shali za Kashmir, marashi ya waridi. Rais Martin Van Buren hakuzipokea. Katiba ya Marekani, ibara ya kwanza, kifungu cha 9, inakataza mwenye cheo cha serikali kupokea zawadi ya mfalme wa kigeni bila idhini ya Bunge. Jambo hili lilikuwa limeshamsumbua mwaka uliotangulia, pale Sultani wa Morocco alipompelekea balozi mdogo wa Marekani kule Tangier simba wawili ambao hakuweza kuwarudisha.

Fikirini hali ya Ahmad. Kwa desturi aliyokulia, kukataa zawadi ni kufunga mlango. Ametoka upande wa pili wa dunia, bwana wake amechagua farasi kwa mkono wake, na jibu analopewa ni kwamba sheria hairuhusu. Kwa upande wa pili, Van Buren naye angemvunjia heshima Sayyid kama angerudisha farasi melini. Suluhisho lilipatikana Bungeni: Julai 1840 lilipitishwa azimio la kuzipokea zawadi kwa niaba ya taifa. Farasi wakauzwa na fedha zikaingia hazina. Vito na vitambaa vikawekwa Washington katika jengo la Ofisi ya Hataza, baadaye vikaingia kwenye makumbusho ya taifa. Marekani nayo ikapeleka zawadi zake kwa Sayyid, zikiwemo boti ya fahari, vioo na silaha za kufyatua mfululizo.

Nimeliweka azimio hili katika fremu kubwa kuliko farasi. Mwanafunzi wa uraia atakutana hapa na kitu adimu: sheria inayombana rais, na watu wenye busara wanaotafuta njia ya kuitii bila kumuumiza mgeni. Yote hayo yalifanyika ndani ya miezi mitatu.

Mei

Kikao kirefu, na kilikuwa na joto. Suala ni utumwa: bango lake liwepo au maelezo yake yatawanywe ndani ya mabango mengine. Baadhi ya wazazi wanaotuunga mkono wanaogopa kwamba bango zima litafunika sifa ya safari. Nilisema nilivyoamini. Karafuu magunia 135 zilichumwa na watumwa katika mashamba ya Unguja na Pemba. Pembe zilishuka pwani juu ya mabega ya watu, wengine wapagazi wa ujira, wengine mateka. Bango lisipokuwepo, tunamfundisha mtoto kwamba mizigo ilijibeba.

Na upande wa pili ulikuwa vile vile. Kitambaa cha marekani kilisokotwa Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Sensa ya 1840, mwaka ule ule wa Sultana, ilihesabu karibu watumwa milioni 2.5 Marekani. Mkataba wa 1833 uliunganisha uchumi wa namna mbili uliotegemea jasho la watu wasiolipwa.

Kisha kuna habari ya Amistad, ambayo iliumaliza ubishi. Wakati Ahmad akitembezwa New York kwa heshima, safari fupi tu kutoka pale, jimboni Connecticut, Waafrika waliotekwa kutoka nchi ya Wamende, Sierra Leone, walikuwa kizuizini. Mwaka 1839 walikuwa wamewaasi waliowanunua ndani ya merikebu ndogo ya Kihispania iitwayo Amistad. Serikali ya Van Buren, huyo huyo aliyepelekewa farasi, ilitaka wakabidhiwe kwa Wahispania. Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa uhuru wao Machi 1841. Mgeni Mwarabu wa sultani alipewa treni na karamu. Waafrika wasio na sultani walipewa pingu. Mwanafunzi akiyaona mambo haya mawili kwenye ukuta mmoja, atauliza maswali ambayo mimi siwezi kumtungia.

Bango limepita. Litakuwa la tano, upana sawa na mengine, na litataja pia mkataba wa 1845 uliotiwa saini na Sayyid na Hamerton wa kuzuia watumwa kusafirishwa kutoka milki za Afrika kwenda Arabuni, na kufungwa kwa soko la watumwa Unguja mwaka 1873.

Juni

Majaribio katika skuli moja ya Ng'ambo, ukumbi mdogo, feni mbili. Ramani ilitundikwa mchana na mzee wetu wa Malindi alikaa chini yake kwenye kiti. Sikumpangia kusema chochote. Watoto walimwendea wenyewe, na kila aliyeuliza alipewa pepo zote, kaskazi, kusi, matlai, mpaka kengele ikalia.

Kasha lilizidi matarajio yangu. Karafuu waliijua, wakaipita. Sandarusi walipokezana mpaka ikapata joto la mikono. Chumba kitupu cha pembe kiliulizwa na karibu kila kundi, na kadi yake ilisomwa kwa sauti. Kwenye bango la tano kulikuwa na ukimya kwanza, halafu binti mmoja wa kidato cha tatu akauliza kama kati ya mabaharia 56 wa Sultana walikuwemo waliokuwa watumwa, na kama waliwahi kushuka New York wakaona watu weusi walio huru. New York ilikuwa imekomesha utumwa kabisa mwaka 1827, kwa hiyo watu hao walikuwepo gatini na mitaani. Nimemwomba aandike swali lake kwa mkono wake, nasi tutalichapa chini ya bango kama lilivyo, pamoja na mwaka huo wa 1827.

Mwalimu wa uraia wa skuli ile anataka nakala ya bango la nne ibaki darasani kwake. Atapewa.

Yaliyobaki kabla ya Julai: bango la tano lirudi kwa mchapaji kwa ajili ya nyongeza, bawaba za kasha zibadilishwe ziwekwe za shaba, maana hizi zimeanza kushika kutu, rangi ya mishale ya kusi ikolezwe, kwa amri ya mzee, na kadi ya Jairam Shivji ipate pia maandishi ya Kigujarati, ambayo familia moja ya Mji Mkongwe imejitolea kuyaandika. Barua ya Bagamoyo imejibiwa. Wametupa ukumbi wiki ya kwanza ya Agosti, na wameuliza kama wanaweza kuongeza bango lao wenyewe kuhusu njia ya misafara ya pembe. Nimewajibu leo hii, kabla jua halijazama, kwamba nafasi ya ukutani ipo.